Pembenne Anaiacha Dunia

Benchi lenyewe liko kati ya karakana ya seremala na kibanda cha kinyozi, limeegemea ukuta ambao migongo ya watu imeshaupaka rangi yake yenyewe. Seremala ndiye aliyelitengeneza. Wanamwita Pembenne, kwa kuwa maishani mwake hajawahi kumkabidhi mtu kitu chenye kona iliyopinda, isipokuwa benchi hilo: mguu mmoja ni mfupi, maana wenye kijiwe walilikalia kabla hajalimaliza na hawajanyanyuka vizuri mpaka leo. Kushoto hukaa Wembe, kinyozi, ambaye sikio moja huliweka kwenye mazungumzo na la pili huwawekea wateja, ambao si wengi. Katikati hukaa Faili, karani mstaafu. Yeye alitoka ofisini lakini ofisi haikutoka kwake. Kulia, penye mguu mfupi, hukaa Shemeji, mdogo wa mke wa Pembenne, ambaye kazi yake ni kuwa shemeji. Mbele yao Mama Birika huweka jiko lake la mkaa na kuuza kahawa. Hazungumzi sana. Ameona kwamba wanaozungumza sana ndio hao hao wanaolalamika kahawa imepoa.

Asubuhi hiyo Pembenne alitoka karakana na gunia tupu, akalitandaza chini mbele ya benchi, akapanga juu yake msumeno, randa, nyundo, patasi na tepu ya kupimia. Akaleta na baiskeli, akaiegemeza ukutani. Hakuketi.

— Unauza? aliuliza Wembe.

— Naacha.

— Unaacha nini?

— Dunia.

Mama Birika akammiminia kikombe. Kwa uzoefu wake, mtu anayeiacha dunia asubuhi huanza na kahawa.

— Kuna lililotokea? Faili aliuliza, akaweka mguu juu ya mguu kama mtu anayefungua kikao.

— Mnalikumbuka lile kabati?

Nani angelisahau? Mtaa mzima ulilijua lile kabati. Pembenne alilitengeneza msimu mzima wa mvua, mlango wa karakana ukiwa wazi, na watu walikuwa wakipita kulitazama kama wanavyopita kumtazama mtoto mchanga. Milango yake ilijifunga kwa kusukumwa na kidole cha mwisho. Halikuwa na msumari hata mmoja unaoonekana. Tajiri mmoja wa mtaa wa juu ndiye aliyeliagiza, na siku lilipoondoka Pembenne alilisindikiza mpaka kona.

— Jana nimeenda kumtengenezea kitasa, alisema. Nikalikuta uani. Wamelilaza chali. Kuku wanataga ndani.

Benchi zima liliinamisha vichwa kwa heshima.

— Kuku wa kienyeji au wa kisasa? aliuliza Faili.

— Faili, nakwambia kabati langu limekuwa banda la kuku!

— Nakusanya maelezo tu.

— Na milango inafunguka? Wembe alitaka kujua.

— Inafunguka, alijibu Pembenne, na hapo sauti yake ikanyanyuka kidogo bila ruhusa yake. Hata mlio haitoi.

— Kuku wenyewe walionekanaje?

— Wametulia.

— Basi mimi sioni hasara, alisema Faili. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Hao walikuwa wanataga. Kwa hiyo ni kuku wa tajiri, na kabati limepanda cheo.

Pembenne hakucheka. Kilichomuuma si kabati peke yake. Alipokuwa amesimama pale uani, kuku mmoja akimtazama kwa jicho la mwenye nyumba, alianza kuhesabu moyoni vitanda, meza na madirisha yote aliyowahi kuyatoa mkononi mwake, akajiuliza ni vingapi vimeishia kwenye moto, na ni vingapi vimeishia kwa kuku. Alirudi nyumbani akiwa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote asijue alikuwa akifanya nini. Jioni akaenda kwenye ibada kutafuta pa kuushusha mzigo huo, na mhubiri, kana kwamba ameambiwa, akasema aliyeishika dunia kwa mikono miwili hana mkono wa kumpokelea Mungu. Pembenne akaitazama mikono yake palepale. Ilikuwa imejaa sugu za msumeno.

— Kwa hiyo nimeamua, aliwaambia. Natoa vyote. Nibaki mtupu, nimtumikie Mungu.

— Utamtumikia kwa kufanya nini? aliuliza Mama Birika.

— Sijui bado. Kwanza niwe mtupu.

— Na maranda ya kuwashia jiko nitapata wapi?

Swali lenyewe lilionekana la kidunia mno.

— Dada anajua? aliuliza Shemeji, jicho lake likiwa kwenye baiskeli.

— Dada yako amesema nifuate moyo wangu, mradi nisiguse kitanda.

Shemeji akavuta pumzi ndefu, akaweka mkono kifuani.

— Sikia, shemeji yangu. Jambo kama hili halingojwi. Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Maana yake ukishapata haraka moja, usingoje ya pili, baraka itakuwa imeondoka. Toa leo. Toa sasa hivi. Na mtu hawezi kutoa bila mpokeaji, sivyo? Sasa mimi, kwa ajili ya roho yako, niko tayari kubebeshwa ile baiskeli.

— Wewe si ndiye unayeiendesha kila siku? aliuliza Wembe.

— Ndiyo tatizo lenyewe! Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mimi miaka yote nimetegemea baiskeli ya ndugu, na mnaona hali yangu. Ikiwa yangu, sitegemei tena cha mtu. Hapo tumeokoka wawili kwa baiskeli moja.

Pembenne akaisukuma baiskeli, akamkabidhi. Akaongeza na randa, kwa kuwa Shemeji alisema baiskeli peke yake itamfanya aonekane ana tamaa.

Wembe naye akashuka kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya gunia. Akagusa nyundo, akaiacha. Akagusa patasi, akaijaribu makali yake kwa kucha, akaiacha pia.

— Mbona unachagua? alilalamika Shemeji. Mchagua jembe si mkulima!

— Mimi ni mkulima?

— Siyo.

— Basi niache nichague.

Akachukua msumeno. Akarudi kuketi, akaulaza mapajani, na papo hapo elimu ikamjia.

— Ngoja niwaeleze kuhusu kuacha dunia, alisema. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu anaingia kibandani na nywele zake, anazipenda, amezichana. Nazikata. Zinaanguka. Anainuka, anajitazama kwenye kioo, anaondoka. Mmewahi kuona mtu akilia kwa sababu ya nywele zilizobaki sakafuni?

— Watoto, alisema Mama Birika.

— Watoto bado wameishika dunia. Mtu mzima anajua: nywele si mimi. Na wewe, Pembenne, kabati si wewe. Lilianguka tu sakafuni.

— Lilianguka kwa kuku, alisema Pembenne.

— Kuku ni sakafu ya aina yake.

Faili akakohoa. Katika miaka yake ya ofisi alijifunza kikohozi kimoja kinachonyamazisha watu sita.

— Mnakwenda bila utaratibu. Kuacha dunia ni makabidhiano kama makabidhiano mengine. Mimi niliacha ofisi. Siku hiyohiyo nikajisikia mwepesi. Sikutazama nyuma.

— Si unapita pale kila Jumatatu? aliuliza Wembe.

— Napita kuona kama wao wametazama nyuma. Sasa, kwa mujibu wa utaratibu, vilivyobaki sharti vipate mwenyewe.

Akajipatia mwenyewe nyundo, patasi na tepu. Tepu ilimfurahisha kupita kiasi. Akaivuta, akaiachia ikarudi kwa kishindo, akaivuta tena, akapima goti lake, akapima birika, akapima nafasi ya kila mmoja kwenye benchi na kugundua kuwa Shemeji amekuwa akizidisha.

Gunia likabaki tupu. Pembenne alilitazama. Alikuwa ametegemea kwamba wakati huo ukifika kitu fulani kitashuka moyoni, amani labda, au hata usingizi. Hakikushuka kitu. Akafumba macho ili aombe, lakini mikono haikujua pa kukaa. Aliiweka kiunoni, akaona anaonekana mgomvi. Akaifunga kifuani, akaona anaonekana anangoja mtu. Mwisho akaificha nyuma.

— Unajisikiaje? aliuliza Shemeji.

— Kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

— Hiyo ni dunia inatoka. Ikitoka lazima iwashe. Mimi yangu ilitoka zamani. Unajua watu mtaani walinisema? Mvivu, mvivu. Sikuwajibu. Mwenzenu nilikuwa nimeshajitenga na kazi, kwa sababu kazi ndiyo dunia yenyewe. Kabati ukilitoa, unatengeneza lingine. Kazi ukiitoa, huna tena cha kutoa. Mimi sijawahi kuambatana na kazi yoyote. Haya, nani hapa yuko karibu zaidi na mbingu?

Walitafakari. Ilisikitisha kidogo, lakini hoja haikuwa na tundu.

— Hata hivyo kuna jambo limebaki, alisema Faili. Cheo. Huyu bado tunamwita fundi. Hawezi kusema ametoa vyote huku amebaki na cheo. Cheo hufuata vifaa. Ofisini, ukirudisha mhuri, umerudisha na ukubwa.

— Kwa hiyo fundi ni nani sasa? aliuliza Wembe, akiukaza mkono kwenye msumeno.

— Kwa hesabu ya haraka, wewe ni fundi kwa upande wa kukata. Shemeji ni fundi kwa upande wa kulainisha. Mimi ni fundi kwa upande wa kupima, kugonga na kutoboa.

— Na yeye?

— Yeye ni mwananchi.

Pembenne alilipokea jina hilo jipya. Kwa miaka na miaka wameita fundi naye akageuka. Sasa ameambiwa asigeuke.

— Mimi naona hata hilo halitoshi, alisema Wembe, ambaye msumeno ulizidi kumfungua akili. Huyu anataka kuacha. Sasa kutaka nako si kushika? Anayetaka sana kuacha dunia, ameishika dunia kwa nyuma. Inabidi aache na kuacha.

— Yaani arudishiwe vitu? aliuliza Shemeji, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye usukani wa baiskeli. Hapo umevuka mpaka, Wembe. Hapo pasiguswe. Hilo ni fumbo, na mafumbo huachiwa Mungu.

— Tuseme basi aache kukaa kwenye benchi, Faili alipendekeza. Alilitengeneza mwenyewe, bila shaka moyo wake uko humu.

Wakamtazama. Pembenne alikuwa bado amesimama tangu asubuhi. Wakampongeza kwa kuwatangulia, na Shemeji akajinyoosha kidogo ili nafasi isikae bure.

Ndipo akaja mwanamke mmoja. Alikuja kwa mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni, kanga imefungwa juu ya gauni, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba. Hawakuwahi kumwona kijiweni. Alisimama mbele ya gunia tupu, akawaamkia wote kwa pamoja, nao wakaitikia kwa pamoja.

— Samahani jamani. Fundi seremala ni nani hapa?

Lilikuwa swali jepesi. Siku nyingine yoyote hata mpita njia angelijibu.

Wembe akamtazama Faili. Faili akamtazama Shemeji. Shemeji akaitazama randa, kana kwamba yenyewe ingesema.

— Mimi nina msumeno, Wembe alianza.

— Wewe ndiye fundi?

— Mimi ni kinyozi.

— Vipimo viko kwangu, alisema Faili. Ila mimi ni mstaafu.

— Randa ninayo, alisema Shemeji. Lakini mimi si mtu wa kazi.

— Sawa. Fundi ni nani?

Mama Birika alilijua jibu, lakini alikuwa ameacha zamani kuwasaidia watu wazima, akapuliza jiko. Pembenne alitazama chini. Aliona kwamba swali lile lilikuwa lake, na hakuwa na kinywa cha kulijibia.

Mwanamke akadhani hawajamwelewa, akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtu asiyesikia vizuri.

— Mama yangu alipata kiharusi. Tangu mvua zilipoisha hajatoka nje, mimi peke yangu siwezi kumbeba. Jana majirani wametuletea kiti cha magurudumu, Mungu awabariki. Basi kiti hakipiti mlangoni. Tumekijaribu kila upande. Kiti kiko nje, mama yuko ndani, wanatazamana.

— Mlango unafungukia ndani au nje?

Wote waligeuka. Aliyeuliza alikuwa Pembenne, na yeye mwenyewe alishangaa kusikia.

— Ndani, alisema mwanamke.

— Fremu ya mbao?

— Ya mbao. Nene.

— Na ukuta? Ukiingiza kidole kati ya fremu na ukuta, kinaingia?

— Upande wa bawaba kinaingia. Kuna upepo unapita hapo, tumeziba kwa matambara.

— Basi haihitaji kubomoa ukuta. Fremu ikitoka, ikaingia nyembamba...

Alikumbuka kuwa yeye ni mwananchi.

— Kumbe wewe ndiye fundi! alisema mwanamke.

— Mimi sina kifaa hata kimoja, dada.

— Sikuulizia vifaa.

Faili alifungua kinywa ili aeleze habari ya cheo na vifaa, akamwona mwanamke alivyomtazama, akakifunga.

Lakini jana bado ilikuwa imemkaa Pembenne rohoni, na mtu aliyeumwa hupima kila mahali kabla ya kukanyaga.

— Nikutengenezee mlango mzuri, alisema, halafu? Kesho mnahama. Anakuja mwingine, anaung'oa, anaulaza uani.

Mwanamke alimtazama kama anatafuta ugonjwa wake uko wapi.

— Mama akishatoka nje, fundi, mlango kwangu umeshamaliza kazi. Atakayekuja baadaye akitaka aufanye kuni.

Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja siku ya juma. Pembenne akahisi kitu kikilegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza tangu uani kwa tajiri. Hakuna aliyewahi kumpa ruhusa hiyo. Yeye alikuwa akivifuata vitu vyake mpaka makwao, akivilinda kwa mawazo, na hakuwahi kujua kwamba angeweza kuishia mlangoni, aseme asante Mungu, arudi zake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia mwepesi, na wala hakuwa amejitahidi.

Akamgeukia kinyozi.

— Wembe, naomba uniazime msumeno wako.

Wembe akaukumbatia. Alikuwa nao tangu kikombe cha kwanza, na tayari alikuwa ameshautafutia mahali pa kuutundika, chini ya kioo.

— Utaurudisha?

— Nitaurudisha.

— Maana mtu akishazoea kitu...

— Wembe, kazi itaanza leo na itaisha leo. Faili, nakuomba tepu, nyundo na patasi. Shemeji, randa.

— Usije ukaiharibu, alisema Shemeji. Ni kitu cha watu.

— Kwa mujibu wa utaratibu, alisema Faili, kifaa hakitoki peke yake. Kinatoka na mhusika.

Hakuna aliyemwamini Pembenne kwa kitu alichokuwa amekitoa mwenyewe muda mfupi uliopita. Kwa hiyo walinyanyuka wote watatu, na benchi likayumba upande wa mguu mfupi, maana halijawahi kuachwa na watu wote kwa mpigo. Shemeji akafikiria kupanda baiskeli, akaona itamtenganisha na wenzake wakati yeye ana randa, akaikokota. Mbele wakatangulia mwanamke na Pembenne, mikono mitupu. Nyuma wakafuata wamiliki, kila mmoja amebeba chake kifuani. Mama Birika aliwatazama mpaka wakapinda kona, akaondoa birika motoni. Kahawa ilikuwa haijafika nusu, na hakukuwa na mtu wa kuinywa.

Nyumba ilikuwa ya chumba na sebule, mwisho wa uchochoro. Kiti cha magurudumu kilikuwa nje, kipya, bado kina karatasi za dukani kwenye mikono. Ndani, kwenye kitanda kilichosogezwa mpaka karibu na mlango, mama mmoja mwembamba aliinua kichwa. Upande mmoja wa uso wake ulitabasamu, wa pili ulibaki pale pale.

— Wengi hivi? alisema taratibu. Mlango mmoja?

Wanaume watatu walitazama viatu vyao.

— Mama shikamoo, alisema Pembenne.

— Marahaba, mwanangu. Nitatoka leo?

Pembenne alipiga magoti kwenye kizingiti, akapitisha kidole kwenye ufa wa upande wa bawaba, akautoa na vumbi lake. Aliisikia sauti ya kuku kutoka uani kwa jirani, akaiacha ipite.

— Leo, mama. Jua halijazama utakuwa nje.

Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Wembe akasitasita, kisha akamwekea msumeno kiganjani.

— Wa kuazima huo, alimkumbusha.

— Najua, alisema Pembenne, akaanza kukata.